Bosi anataka niandike vyumba 6,200, wanaolipa ni 2,300

Dada Mshauri, habari za kazi?

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Umoja. Nimefanya kazi miaka 3 katika kampuni changa iliyo karibu na Ngong Road. Tuko wanane, bosi wa tisa. Tuna programu ya kuwasaidia wenye ploti kukusanya kodi ya nyumba. Mpangaji analipa kwa paybill (namba ya kampuni ya kupokea malipo ya M-Pesa), mfumo unaonyesha nani amelipa na nani bado, na mwenye ploti anatulipa shilingi 60 kwa kila chumba kwa mwezi. Niliajiriwa kushika hesabu, lakini unajua kampuni ndogo zilivyo, nikajikuta napokea na simu za wateja.

Mwezi uliopita bosi alituita mezani. Alisema pesa zimepungua, wawekezaji wapya wako njiani, na akatuomba tukubali nusu mshahara kwa miezi 4. Nusu nyingine atatulipa mambo yakinyooka, na juu yake atatupa hisa. Watu walipiga makofi. Ni mtu mwema. Yeye mwenyewe hajajilipa tangu Januari, na mama yangu alipolazwa Machakos ndiye aliyenipa nauli na ruhusa ya kwenda. Hakuna aliyeuliza swali, hata mimi sikuuliza, ingawa ndiye ninayejua kilichomo benki.

Kilichomo ni 2,400,000. Kila mwezi tunatumia 780,000, na katika hizo mishahara ya sisi wanane ni 560,000. Mapato ni 138,000 kwa sababu vyumba vinavyolipiwa ni 2,300. Tena makato ya PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni) na bima ya afya ya miezi 3 yamekatwa kwenye mishahara yetu lakini hayajapelekwa. Yamefika kama 290,000. Bosi aliniambia tusubiri kidogo.

Wiki iliyopita aliniagiza niandae jedwali la kuwapelekea wawekezaji, na kwenye mstari wa vyumba niandike 6,200. Hiyo ni idadi ya vyumba vyote vilivyowahi kusajiliwa tangu tuanze. Baadhi ya wenye vyumba hivyo walituacha mwaka juzi. Nilipouliza, akasema, "Si vilisajiliwa? Basi si uongo."

Na mimi najua kwa nini wanatuacha. Nina daftari ambalo nimeandika kila malalamiko. Mpangaji akikosea namba ya nyumba kwenye paybill, pesa zinakaa siku tatu nne bila jina, keateka, mwangalizi wa ploti, anamgongea mlango mtu aliyekwisha kulipa, mwenye ploti anaaibika. Keateka wengi hawatupendi kwa kuwa tuliwaondolea kazi ya kupokea pesa na hatukuwapa chochote mahali pake. Halafu wenye ploti wengi ni wazee. Wanataka ujumbe mfupi jioni ya tarehe 5, hawataki kufungua programu. Mwaka jana nilijaribu kumwambia bosi mbele ya wenzangu, akasema nisimletee shida, nimletee suluhisho. Tangu siku hiyo naandika tu kwenye daftari.

Kisha kijana wetu wa programu ameniambia kwa siri kwamba amepata kazi katika kampuni ya Ujerumani, ataifanya akiwa kwake Juja. Anaondoka mwisho wa mwezi. Ni yeye peke yake anayejua mfumo wetu ulivyounganishwa na paybill.

Mimi nami, sacco moja hapa mjini imenipa kazi ya uhasibu kwa 60,000. Hapa napata 55,000, na nikikubali nusu ni 27,500. Nyumba nalipa 14,000 na karo ya mdogo wangu ni mimi. Sacco wanataka jibu kufikia tarehe 28. Nikiondoka pamoja na yule kijana naona kampuni itakufa mikononi mwa wenzangu. Nikikaa naona nitazama nayo. Je, mfanyakazi mmoja ana uzito wa kuua au kuokoa kampuni, au najipa ukubwa nisio nao?

Mwenye Daftari, Umoja


Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikachukua karatasi na kalamu, kwa sababu jibu la swali lako la mwisho limo katika hesabu ulizoandika mwenyewe.

Tuanze kwa kutoa yale makato 290,000, maana hizo si pesa za kampuni. Zinabaki 2,110,000. Mkiendelea na mishahara kamili, kila mwezi zinatoka 642,000 zaidi ya zinazoingia, kwa hiyo mna miezi 3 na siku chache. Mkikubali nusu, pengo linashuka hadi 362,000 na kampuni inapumua karibu miezi 6. Kwa hiyo ombi la bosi wako lina maana. Hakuna mtu mwingine Nairobi nzima ambaye leo anaweza kuipa kampuni hiyo miezi 2 na nusu ya uhai. Ni ninyi wanane tu.

Sasa sogeza kalamu hadi mwisho wa ule mwezi wa nne. Benki zitakuwa zimebaki 662,000. Ninyi mtakuwa mnadai 1,120,000. Yaani siku ambayo bosi ameahidi mambo yatakuwa yamenyooka, kampuni itakuwa na deni lenu linalozidi kila shilingi iliyo nayo, kwa karibu nusu milioni. Mlipopiga makofi mezani mlikuwa mnaikopesha kampuni zaidi ya milioni moja, na hakuna aliyeuliza swali ambalo mwekezaji yeyote angeuliza kabla ya kutoa hata elfu kumi.

Kwa hiyo hapana, hujipi ukubwa. Katika kampuni ya watu 500 karani akinyamaza, kuna wakaguzi, kuna mkuu wa idara, kuna ripoti. Kwenu hakuna. Kilichomo ndani ya kichwa chako na ndani ya hilo daftari hakimo mahali pengine popote.

Hapo ndipo nitakapokuuma kidogo, na nakuomba unisamehe. Unauliza kama kuondoka kwako kutaiua kampuni. Mimi naona kilichoanza kuiua ni ule mwaka uliokaa kimya. Ulijibiwa vibaya mbele ya watu, na najua inavyochoma. Bosi alikosea sana kusema vile, kwa sababu anayeona tatizo mara nyingi si yeye mwenye uwezo wa kulitatua, na ukimtaka aje na dawa ndipo asikizwe, utaletewa habari njema peke yake. Lakini wewe uliendelea kuandika kila siku, ukijua.

Nakuambia haya kwa sababu nimepita hapo. Mwaka 2011 nilikuwa karani wa stoo katika kampuni ya watu 7 iliyosambaza taa za sola. Wauzaji wetu wa mashambani walikuwa wanarudisha taa zenye betri mbovu, mbili leo, tano kesho. Nilizipanga kwenye rafu ya nyuma na kuziandika "zinasubiri". Sikutaka kumvunja moyo mwenye kampuni, alikuwa kijana mwenye bidii. Siku alipozihesabu mwenyewe zilikuwa zimepita 400, muda wa kumrudishia mtengenezaji ulikuwa umekwisha, na pesa ya shehena iliyofuata ilikuwa imeshalipwa. Tulifunga kabla ya Krismasi. Hadi leo sijui kama kusema mapema kungetuokoa. Ninachojua ni kwamba yeye hakupewa nafasi ya kujaribu, na aliyemnyima nafasi hiyo ni mimi.

Basi hilo daftari litoe. Na ulitoe vizuri, maana ndani yake kuna mali.

Wewe mwenyewe unafanya kazi juu ya mfumo ambao ulipata sura yake kwa njia hiyo. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, lakini ilikuwa imeanza kujaribiwa 2005 kwa wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, katikati ya jiji la Nairobi na pia Mathare na Thika. Nia ya kwanza ilikuwa mkopaji alipe mkopo wake kwa simu. Susie Lonie, mfanyakazi wa Vodafone aliyekuja kuendesha majaribio yale, na wenzake waliokuwa karibu na wateja, wakaona watu wanafanya mambo ambayo hakuna aliyewapangia: wanatumiana pesa, wanaweka kabla ya safari na kutoa wakifika. Huduma ilipoingia sokoni ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani. Walioona ni watu waliokuwa na wateja kila siku, na kilichosaidia ni kwamba walichokiona kilifika kwa wenye kuamua.

Tazama basi malalamiko yako. Ujumbe mfupi wa tarehe 5 si kazi ya miezi. Namba za nyumba zinazokosewa zinaweza kupunguzwa kwa kumpa kila mpangaji namba moja fupi isiyo na herufi, ibandikwe mlangoni. Keateka naye akipewa kitu kidogo kwa kila chumba kilicholipa kwa wakati, anaweza kugeuka kuwa mtu wenu ndani ya ploti. Hayo nayabahatisha kutoka mbali, wewe utayajua zaidi. Tuseme vyumba 1,500 kati ya 3,900 vilivyopotea vinarudi. Hizo ni 90,000 kila mwezi, kutoka kwa watu mlio na namba zao za simu tayari.

Sitaki kukudanganya kwamba hilo peke yake linawaokoa. Hata vyote 3,900 vikirudi, mapato yatakuwa 372,000, na matumizi yenu ni 780,000. Bado mtahitaji mwekezaji, au kupandisha bei, au yote mawili. Ndiyo maana jambo la 6,200 linanitia hofu kuliko mengine yote.

Mwekezaji makini hasomi jedwali akatoa pesa. Ataomba taarifa ya paybill ya mwaka mzima na ataikagua mstari kwa mstari. Akiambiwa vyumba 6,200 kwa shilingi 60, atatarajia kuona 372,000, na ataona 138,000. Hapo mazungumzo yamekwisha, na jina lililo chini ya jedwali ni la mtu wa hesabu. Usiliandike hivyo. Andika mistari miwili: vilivyowahi kusajiliwa 6,200, vinavyolipiwa mwezi huu 2,300. Chini yake weka sababu za walioondoka, kutoka kwenye daftari, na mnachofanya kuwarudisha. Kampuni inayojua kwa nini inapoteza wateja ina hadithi ya kumsimulia mwekezaji. Bosi akikuambia ufute mstari wa pili, mwambie kwa heshima na kwa maandishi kwamba wewe huwezi kuupeleka bila mstari huo.

Mwombe kikao cha wawili, mbali na wale wengine. Mara ile ulisema mbele ya watu naye akajitetea mbele ya watu. Mwambie, "Bosi, nataka kampuni hii iishi, na kuna mambo nimeyaona ambayo nilipaswa kukuletea mapema." Kisha mpe karatasi moja yenye hesabu nilizokufanyia hapo juu. Mtu ambaye hajajilipa tangu Januari anabeba hofu ambayo hajamwonyesha mtu. Huenda ukawa wa kwanza kuibeba naye.

Kuhusu makato nitakuwa mkali. Makato hutakiwa kufika kabla ya tarehe 9 kupita ya mwezi unaofuata. PAYE ikichelewa ina adhabu na riba ya asilimia 1 kila mwezi, na Sheria ya Ajira ya 2007 inafanya kuwa kosa la jinai, lenye faini au kifungo, mwajiri kukata pesa kwenye mshahara asizipeleke. Hizo 290,000 zilipwe kabla ya nusu mshahara wa kwanza. Zinaonekana kama akiba kwa sababu zimelala benki. Mwenzenu mmoja akilazwa na kuambiwa bima yake haiko hai, atajua zilikuwa za nani.

Na nusu mshahara iwe kwenye karatasi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi na kumpa maandishi anapobadilisha masharti ya kazi, kwa hiyo huombi hisani. Karatasi iseme nusu nyingine ni deni, kiasi gani kwa kila mtu, italipwa tarehe ngapi, na ni nini kitatokea kampuni ikiuzwa au ikifungwa. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaiweka mishahara ya miezi 4 ya mwisho kati ya madeni yanayotangulia kulipwa, kwa kiwango chenye kikomo, lakini kutangulia kwenye foleni kunakufaa tu pale palipobaki kitu. Hisa nazo, uliza ni ngapi kati ya ngapi, unazipata baada ya muda gani, na ukiondoka zinakuwaje. Mkishakubaliana, mtu yeyote anaweza kuomba CR12, hati ya msajili wa kampuni, kupitia eCitizen na kuona ni nani wameandikwa kuwa wenye hisa. Jina lako lisipokuwapo, au usipokuwa na mkataba uliotiwa sahihi, ulichonacho ni maneno ya mezani.

Lingine ambalo hukuliuliza: nusu ya 120,000 na nusu ya 25,000 si maumivu sawa. Anayepokea kidogo asikatwe kabisa, au akatwe kidogo. Ukitaka kujua ni nani atakayeondoka kimyakimya mwezi wa pili, tazama ni nani atakayeshindwa kulipa kodi ya nyumba mwezi wa kwanza. Inashangaza, kampuni inayoishi kwa kodi za ploti ilisahau hilo.

Sasa yule kijana wa Juja. Usimchongee. Siri aliyokupa ni yake, na anayo haki ya kwenda. Lakini mrudie leo umwambie hutaki kuibeba tena, na amweleze bosi mwenyewe wiki hii. Mtu anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba unataka zaidi. Siku hizo 28 zina thamani kubwa kuliko msimbo wowote mpya atakaoandika: akae na mwenzake, aandike jinsi mfumo unavyoongea na paybill, nywila zote zihamishiwe kwenye kampuni, na yule mwenzake aendeshe mwenyewe wiki moja ya kodi, tarehe 1 hadi 5, yeye akiwa bado yupo kando. Akiondoka ghafla tarehe 30, mfumo ukikwama tarehe 3, wenye ploti hawatasema kijana ameondoka. Watasema mmekula kodi zao.

Wewe nawe fanya vivyo hivyo, ukae au uende. Kila unachokijua peke yako kiandike. Kampuni inayoning'inia kwa mtu mmoja inaweza kuanguka hata akiugua malaria.

Umeniuliza uende au ukae. Maoni yangu ni haya. Bosi akikubali mistari miwili, akalipa makato na akatia sahihi karatasi ya deni, ninyi nyote mna kampuni ya kupigania, na mtu mwenye daftari lako ni mgumu kupatikana. Hata hivyo angalia kama nyumba yako inaweza kuishi kwa 27,500 miezi 4. Kwa kodi ya 14,000 na karo, mimi sioni inavyowezekana, kwa hiyo omba ukatwe robo, si nusu. Akikataa hata kimoja kati ya vile vitatu, jibu sacco kabla ya tarehe 28, toa notisi yako, kabidhi vitabu vikiwa safi, na uende. Jua tu kwamba ukijiuzulu hupati malipo ya kupunguzwa kazi, yale ya siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya. Lakini kwa benki ilivyo, singekaa kuyangojea.

Na ikifa baada ya hapo, usijitwike. Tazama kampuni changa za hapa kwetu: Kune Food ya chakula ilifunga Juni 2022, Sendy ya usafirishaji mizigo ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi 2023, Copia ya kuuza bidhaa Mei 2024, na zote zilikuwa na mitaji ambayo ninyi hamjawahi kuiona. Pesa za wawekezaji zilikauka na wafanyakazi wengi wenye bidii wakabaki bila kazi. Kuna sehemu ya uhai wa kampuni iliyo mikononi mwa wanaofanya kazi ndani yake, nayo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, lakini si yote.

Kikao hicho kiwe kabla ya tarehe 25. Ikifika tarehe 1 simu za kodi zitaanza kulia, na hakuna atakayekaa chini kukusikiliza hadi wiki ipite, na sacco watakuwa wameshampa mtu mwingine ile kazi. Peleka daftari lenyewe, usipeleke muhtasari. Aone mwandiko na tarehe.